Ukingo Chini ya Mikaratusi

Kazi ya Dorine Nakhumicha ilikuwa kufuta vitu. Ndege ndogo ilipita juu ya Ruiru hadi Thika ikimwaga miale ya leza, mamilioni kwa mamilioni, na michache ikapenya katikati ya majani mpaka kwenye udongo. Katika ofisi yao pale Kimbo, Dorine aliketi mbele ya kompyuta akifuta miti, mabati, magari na watu, hadi ikabaki ardhi tupu. Wenye mradi walitaka kujua kama kuna ufa wa ardhi unaokatiza upande huo kabla hawajajenga. Ardhi ikipasuka huacha ngazi, na ngazi yenyewe mtu anaweza kuipita kila siku asiione.

Jumanne aliiona moja. Alikuwa amegeuza mwanga wa kompyuta utokee mashariki, kivuli kikalala, na chini ya shamba la mikaratusi ng'ambo ya Membley ukajitokeza ukingo wa mita tatu, umenyooka kabisa. Kyengo, mjiolojia aliyekuwa bosi wake, nusura aibusu kompyuta.

"Hii ni ufa," akasema. "Next week tunachimba mtaro hapo chini yake, tujue umri wake."

"Imenyooka sana, bosi. Inaweza kuwa mkono wa watu."

"Basi uliza wazee. Ijumaa nataka fomu: ufa ama watu. Kama ni watu, tunaitoa kwa ramani na hakuna kuchimba."

Alienda kwanza mwenyewe. Mikaratusi ilikuwa imeinamia upande mmoja, na chini ya ukingo udongo ulikuwa umebonyea kama godoro lililolaliwa. Jua lilikuwa utosini. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Dorine hakuwa mtu wa kuogopa miti, lakini alisikia mtu akivuta pumzi nyuma yake, akageuka, hakuona mtu, na akarudi barabarani kwa hatua ambazo hakutaka kuziita mbio.

Mzee wa karibu zaidi wa kuuliza alikuwa wake mwenyewe. Jeconia, baba yake, alitoka Bungoma akiwa kijana, akachonga mawe Ruiru kabla ya kupata kazi ya kiwanda Thika. Tangu hapo hakukanyaga Ruiru tena. Akisafiri kwenda Nairobi alifumba macho kuanzia Juja, na watoto wake walidhani ni usingizi.

Dorine alitandaza ile picha mezani nyumbani kwa mzee. "Baba, hapa palikuwa kwari ya mawe?"

Mzee alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. Hakuugusa ukingo. Kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye kile kibonyeo, kikatulia hapo.

"Mmemwona," akasema.

"Nani?"

"Boaz."

Boaz alikuwa baba mdogo wa Dorine, na ukoo mzima ulijua anaishi Mwanza. Kukhu, nyanya yake huko Bungoma, alikuwa na barua zake ndani ya mkebe. Ndugu walipotaka kuzika mgomba badala yake, kama anavyofanyiwa aliyepotea bila mwili, kukhu aliwafukuza. Anayeandika barua, alisema, hazikwi.

"Barua ziliandikwa na nani?"

"Na mimi." Jeconia alivua miwani. "Nilikuwa mtu wa baruti. Kazi yangu ni kupiga filimbi, nihesabu watu, ndio niwashe. Siku hiyo nilipiga filimbi. Sikuhesabu. Boaz alikuwa bado chini. Jioni mwenye kwari alileta malori ya udongo, akasema anayetaka kazi afunge mdomo."

"Na wewe ukafunga."

"Nikafunga. Miaka thelathini na moja." Akaisukuma picha upande wa binti yake. "Andika ni kwari, Dorine. Si ndio ukweli?"

Na hapo ndipo roho ilipomuuma. Ulikuwa ukweli mtupu. Akiuandika, ukingo unafutwa na hakuna jembe litakalogusa pale. Akidanganya kwamba ni ufa, wiki ijayo mtaro wa Kyengo unamfikia Boaz. Mzee alikuwa ameomba ukweli kwa mara ya kwanza, na alikuwa anauomba ili ajifiche nyuma yake. Dorine alimpenda baba yake, na kwa dakika ile alimchukia pia, vyote viwili bila kimoja kupunguza kingine.

Alifungua fomu palepale mezani. *Si ufa. Machimbo ya mawe ya zamani, yalifukiwa.* Angeweza kuachia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaendelea kuandika: *Chini ya ukingo kuna mtu. Jina lake Boaz Wanjala, miaka kumi na tisa. Achimbuliwe.*

"Polisi watakuja," akasema Jeconia.

"Wacha wakuje. Lakini kukhu hataambiwa na polisi." Alipiga nambari ya Bungoma, akaweka sauti ya juu, akamwekea baba yake simu mkononi.

Jeconia alisema yote kwa Kibukusu, bila kujitetea, na hakuchukua hata dakika mbili. Alipomaliza, kwenye simu walisikia kuku tu wa boma la kukhu. Dorine alidhani bibi kizee ameanguka.

"Alikuwa amekula?" kukhu akauliza.

Dorine alimtazama baba yake, akamwomba kimoyomoyo adanganye tena, mara hii moja tu.

"Hapana, mama," akasema Jeconia. "Aliniambia ana njaa. Nikamwambia tumalize kwanza."