Pua ya Nyumba Hii

Katika nyumba niliyoolewa, mvinyo hausemwi kuwa mzuri au mbaya. Unasemwa kwa harufu, na kila harufu ina jina lake la humu humu ndani. Mvinyo mchanga uliojifungia, ambao harufu yake bado haijatoka, tunasema una kitanda cha mgeni: shuka safi, hakuna aliyelala. Ukianza kugeuka siki, tunasema wifi kanuna, na wifi yangu mwenyewe ndiye hulisema hilo kwa sauti kuliko wote. Ukiwa na yai, yaani ukinuka yai viza, unahamishiwa pipa jingine siku hiyo hiyo, kwa sababu yai halina subira. Majina haya hayajaandikwa popote. Yametoka mdomo hadi mdomo tangu babu wa mume wangu apande mizabibu ya kwanza kilimani, akanunua pipa bovu na kuliziba matundu mwenyewe.

Aliyekuwa na majina yote hayo kichwani ni mama mkwe. Wateja na majirani walimwita Pua, naye aliitika bila haya. Mimi waliniita Bibi Harusi. Nilizaa, nikalea, nikaota mvi za mbele, bado Bibi Harusi. Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi, na jina lile lilikuwa linanichoma kwa sababu nilijua maana yake ni mgeni. Nilikuwa nasema moyoni kwamba siku nikifa wataandika kaburini: hapa amelala bibi harusi.

Uendeshaji wa kiwanda ulikuwa mikononi mwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka. Jirani yetu mwenye ghala la soda alikuwa anamsumbua amkodishie jengo, na jioni moja shemeji alitutangazia mezani.

"Kiwanda hiki ni pua ya mama," alisema. "Siku pua hiyo ikiziba, tunafunga mlango, tunakodisha. Mimi siwezi kuuza siki kwa jina la babu."

"Basi niombeeni mafua yapite mbali," mama mkwe akajibu, na sote tukacheka.

Haikupita hata wiki, nikaingia jikoni nikakuta maziwa yamefurika na kuungua, moshi umetanda hadi darini. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu kabisa na jiko, amelipa mgongo, anamenya vitunguu saumu dirishani, ametulia.

"Mama! Maziwa!"

"Yamefanya nini?"

Nilizima jiko, nikafungua mlango, kisha nikasimama nikamtazama. Moshi ule ungemtoa panya shimoni. Naye aliuona sasa, na aliona kwamba nimeelewa, akaweka kisu chini.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile homa."

Ile homa ilikuwa mwaka juzi. Ilimlaza kitandani hadi tukaanza kunong'onezana, kisha akaamka, akadai chai, tukashukuru Mungu na kusahau.

"Lakini mwaka jana si ulichanganya mvinyo? Uliuchanganya kwa pua ipi?"

"Osha sufuria hiyo kabla haijaganda," alisema. "Na haya ya humu jikoni yabaki humu jikoni."

Nikaosha, maana mama mkwe akikwambia osha unaosha. Ila jambo lile lilinikaa kooni. Siku ya kuchanganya ilikuwa inakaribia, siku anapopita kila pipa mbele ya shemeji na kusema lipi liingie katika mvinyo wa mwaka na lipi lisubiri. Akishindwa mbele yake, basi. Mizabibu ya babu, mapipa, majina yote yale, vingeondoka ili katoni za soda zipate pa kukaa. Mume wangu, ambaye tangu utoto hajui kazi nyingine zaidi ya kupogoa mizabibu, angekwenda kupogoa nini?

Usiku ule nikapiga moyo konde, nikamwendea. Nikamwambia nitasimama nyuma yake na kunusa kila bilauri kabla haijamfikia. Pipa zuri, nitakohoa mara moja. Pipa la kusubiri, mara mbili.

"Unakohoa vizuri?" akauliza.

"Nitajitahidi, mama."

Siku yenyewe ilipofika, tulishuka chumba cha mapipa asubuhi, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na bilauri kwenye sinia. Shemeji alikuwa ametangulia. Na kwa kuwa ni mtu wa usafi, alikuwa ameamua kusafisha mapipa matupu. Tunavyoyasafisha ni kuchoma utambi wa salfa ndani yake na kuyaziba. Kizibo kimoja hakikukaa sawasawa, moshi ukatoka. Salfa haina urafiki na koo la mtu.

Pipa la kwanza, shemeji akamimina. Nikanusa, zuri kabisa, nikakohoa mara moja. Mara shemeji naye akakohoa. Nikakohoa tena, hiyo si ya kwangu, ni ya salfa. Mama mkwe, bilauri mkononi, akageuza sikio. Shemeji akakohoa mara tatu mfululizo. Nikajaribu kuzuia, ikanitoka ndefu, ya machozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe alisimama akitusikiliza tukipokezana. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani salfa imemfikia naye, kumbe anacheka. Alicheka hadi akaishikilia fimbo kwa mikono miwili.

"Inatosha," alisema. "Fungua madirisha, mwanangu. Mficha uchi hazai. Pua yangu imekufa."

Shemeji alifungua madirisha yote. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Basi ndiyo mwisho, mama," alisema taratibu. "Tulikubaliana."

"Mwaka jana uliwaambia wateja nini kuhusu mvinyo wetu?"

"Kwamba haujawahi kutoka mzuri vile tangu enzi za babu."

"Mwaka jana nilikuwa sinusi hata kitunguu. Ulimi wangu unanipa uchachu na utamu, basi. Aliyenusa ni huyu."

Na akaninyooshea fimbo yake.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi damu ilinichemka. Kwa sababu mwaka jana wote mama mkwe alikuwa akinipitisha kwenye mapipa na kuniamuru, "Nusa. Sema." Nami nasema, sanduku la penseli. Nasema, mlango uliopakwa rangi jana. Na jioni mezani anapaza sauti, "Sikieni, Bibi Harusi anasema penseli!" Watu wanavunjika mbavu. Kesho yake mteja akija, tena: penseli! Mara ngapi nimekwenda kulala nimenuna kwa ajili ya penseli?

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "ulinifanya kichekesho mwaka mzima."

"Wao ndio waliocheka. Mimi nilikuwa nakariri. Kichwa hiki nisipolirudia neno mbele za watu, linanipotea."

Nikaitua sinia juu ya pipa.

"Na unadhani majina ya humu yametoka wapi?" aliendelea. "Yai ni la babu. Kitanda cha mgeni alikuja nalo mama mkwe wangu. Shati la pasi nililileta mimi. Mengi yameletwa na walioolewa humu. Aliyezaliwa ndani ya nyumba hii hanusi kitu, ameshaizoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo maana sikukataza wakikuita Bibi Harusi. Niliogopa usije ukazoea."

Shemeji hakuwa mtu wa kushindwa na maneno. Alitugeuzia mgongo, akavuta mvinyo kwa mrija wa kioo kutoka mapipa matatu, akanipangia bilauri tatu.

"Sema, shemeji," alisema. "Usiponidanganya, sitakudanganya."

Ya kwanza haikunipa shida.

"Kitanda cha mgeni. Lisubiri."

Ya pili nikarudia kunusa.

"Yai. Bado dogo, liko chini. Lihamishwe leo."

Shemeji akanusa, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akaifunika bilauri kwa kiganja, akaitikisa, akanusa tena. Safari hii akakunja pua. Akaiweka chini polepole.

Ya tatu nilipoinusa nilijua mara moja, na nikaogopa kulisema mbele yake.

"Shati la pasi," nikasema.

Lilikuwa pipa la mteremko wa juu, mizabibu aliyoipanda marehemu baba mkwe mwaka aliooa. Neno lenyewe mama mkwe alilitoa mizabibu ile ilipozaa mara ya kwanza, bado akiwa bibi harusi, siku aliyompigia mumewe shati pasi kisha akashuka kunusa mapipa akakuta harufu ile ile.

"Vuguvugu?" mama mkwe aliuliza.

"Vuguvugu, mama. Na sabuni kidogo kwenye kola."

Akaliegemea pipa, kiganja kikiwa juu ya mbao.

"Tangu ile homa nakuja hapa peke yangu," alisema. "Nafungua kizibo, nanusa, hakuna mtu. Niliona nimefiwa mara ya pili."

"Yupo, mama. Yupo kabisa."

"Ahsante, mwanangu."

Neno hilo, mwanangu, hakuwahi kunipa. Nililipokea nikaona hasira zangu zote za miaka ile hazina pa kukaa. Nilimshukuru kwa sauti, nikashukuru penseli, nikashukuru hata vicheko vya mezani. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilikuwa naundwa huku nimenuna.

Shemeji alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Salfa hii," alisema. "Haya, changanyeni kabla sijabadili mawazo. Na yule wa soda nitamwambia jengo lina watu."

Tukaanza, pipa baada ya pipa. Mimi nanusa na kusema, mama mkwe anaonja na kuamua kipimo, shemeji anabeba. Tulikuwa tumefika katikati wifi alipotokea mlangoni juu na kapu la chupa alizoosha, hajui lolote lililopita.

"Pua!" aliita. "Hizi chupa niziweke wapi?"

Mama mkwe alifungua mdomo aitikie, kama alivyoitikia maisha yake yote. Kisha akaufunga, akanitazama.

"Itika," akaniambia.

Nikaitika.