Hadithi ya Wenye Povu Mdomoni

Kwanza naomba itambulike rasmi kwamba meno yangu ni mazuri. Sijisifu. Nasema kwa uchungu, maana muhula ule nilihitaji jino moja bovu, hata dogo tu, na sikulipata.

Sheria ya shule yetu ya bweni ilikuwa hivi: mwanafunzi hatoki katikati ya muhula. Homa inatibiwa zahanati ya shule, tumbo linatibiwa zahanati ya shule, na kuwakumbuka wazazi kunatibiwa kwa kufyeka nyasi. Jino peke yake ndilo lililoheshimiwa, kwa sababu zahanati haikuwa na vifaa vya meno. Mwenye jino bovu alipewa ruhusa, akapanda basi, akaenda kwao. Niliwatazama wenye mashavu yaliyovimba wakitoka getini na mabegi yao kama watu wanavyotazama maharusi.

Nami nilitaka kwenda kwetu kwa sababu ya sanduku.

Baba yangu ni kinyozi. Kutwa nzima anaanzisha hadithi na hamalizi hata moja: mteja huyu anamkatiza kwa habari za mpira, yule anabisha, wa tatu amesinzia na nusu ya kichwa haijanyolewa. Kwa hiyo akatafuta wasikilizaji wasioweza kumkatiza, akatupata sisi. Kila siku baada ya chakula cha jioni tulijipanga mbele ya sinki, Mama, mimi na mdogo wangu wa kike, kila mtu na mswaki wake. Midomo ikishajaa povu, Baba anaanza kusimulia. Ukitema kabla ya wakati, unatoka nje na hadithi imekupita.

Ilikuwa hadithi ya Tarishi aliyebeba sanduku asilojua lina nini, na safari yake yote ilipita midomoni mwetu. Akipanda milima ya nyuma, tulisugua magego. Akifuata ukingo wa mto, miswaki ilizunguka taratibu pale fizi zinapokutana na meno, kwa kuwa, alisema Baba, ukingoni pamelala watu na hawapendi kukwaruzwa. Akijificha nyuma ya ukuta, tulisugua kwa ndani, mahali ambapo wengine hawajafika tangu wazaliwe. Mwisho alivuka uwanda mwekundu, yaani ulimi, na Baba akasema, "Temeni. Kesho." Kusukutua kwa maji mengi ilikuwa mwiko. Dawa ilitakiwa ibaki zamu hadi asubuhi.

Siku ya mwisho ya likizo Tarishi alikaa juu ya jiwe, akasema potelea mbali, akafungua kamba. Akanyanyua kifuniko.

"Temeni," akasema Baba.

"Mmmh! Mmmh!" mdogo wangu akapinga, povu likimtiririka kidevuni.

Mimi nilitema haraka ili nipate kulalamika. "Baba, si haki! Kesho naondoka!"

"Ndiyo maana utarudi," akasema, akazima taa ya bafuni.

Shuleni nilipiga mswaki kwenye karo refu la kunawia la bweni, nimebanwa kati ya viwiko vya watu. Milima ilikuwepo, mto ulikuwepo, ukuta nao, lakini hakuna aliyepita. Nilifika mpaka uwanda mwekundu peke yangu, nikatema, na hakuna aliyesema kesho.

Ndipo nikapaka wino mweusi kwenye gego, nikashindilia pamba shavuni, nikaingia zahanati nimeinamisha kichwa kama mfiwa. Muuguzi wetu tulimwita Sindano, kwa heshima zote na kwa mbali.

"Limeanza kuuma lini?"

"Zamani, Sista. Nimevumilia kwa ajili ya masomo."

"Pole. Na hii pamba?"

"Ni uvimbe, Sista."

"Uvimbe wenye nyuzi?"

"Ni uvimbe laini."

Akaichomoa kwa koleo, akalowesha kitambaa, akafuta gego mara moja. "Hongera. Limepona mbele ya macho yangu." Kisha akawasha tochi, akachungulia huku na huku. "Fungua zaidi. We mtoto, nani alikufundisha kupiga mswaki?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali yote isipokuwa hilo.

"Baba," nikasema, na machozi niliyoyaweka akiba kwa ajili ya jino yakatoka yenyewe kwa kazi nyingine.

Sindano alinipa kitambaa kikavu, akangoja nimalize. "Ruhusa sikupi," akasema. "Ila nitakupa kazi. Wale wa kidato cha kwanza watanitia wazimu. Mmoja ana mswaki uliochanuka kama ufagio wa chooni, wawili wanatumia mmoja kwa zamu, waliobaki wanalamba dawa na kwenda kulala. Utawasimamia asubuhi na kabla ya kulala."

Nilianza kwa amri: juu, chini, nje, ndani. Walinicheka, wakarushiana povu. Siku iliyofuata nikawaambia kuna Tarishi amesimama chini ya milima ya nyuma na hawezi kupanda mpaka kila mtu ashike mswaki wake. Karo lote likanyamaza. Kiranja wa bweni, tuliyemwita Honi kwa jinsi anavyokoroma, alikuja kuuliza kwa nini hakuna kelele, akaishia kwenda kuchukua mswaki wake.

Tukaenda hivyo mpaka kwenye jiwe, kwenye kamba, kwenye kifuniko.

"Kulikuwa na nini?" wakauliza walipotema.

"Sijui."

"Anatubania huyu!"

"Wallahi sijui! Baba ndiye anajua."

"Basi kamuulize!" akasema mdogo kuliko wote. Kama vile ni jambo la kuvuka uwanja tu.

Kesho yake nikasema ndani mlikuwa na sanduku jingine, dogo, lenye kamba mpya. Walinguruma kwa povu kama ng'ombe. Tarishi akainuka, akaendelea na safari. Lakini kila jioni Tarishi wangu alizidi kuachana njia na yule wa Baba, na nilihofia nikirudi nyumbani hawatafahamiana.

Siku ya wageni ilipofika, mdogo wangu aliniona kabla sijamwona, akaja mbio na pengo jipya katikati ya tabasamu.

"Kaka! Jino limetoka! Na Baba hajaendelea!"

"Hajaendelea nini, Kibogoyo?"

"Hadithi! Anasema mpaka uwepo. Tunapiga mswaki kimya, yeye anatusimamia kama askari."

"Anafungua mdomo, anafunga," akasema Mama. "Na mswaki wako wa zamani bado uko kwenye kikombe. Umechanuka, nataka kuutupa, ananikataza. Nimwambieje mimi?"

Baba alijifanya anakagua nywele zangu. Kisha akatoa mfukoni mswaki mpya, bado uko kwenye karatasi yake. "Nimekuletea," akasema.

"Baba, sandukuni kulikuwa na nini?"

"Sisimulii mdomo mtupu."

Basi tukaenda kwenye karo, mchana kweupe, wageni wengine wakitushangaa. Wale wadogo wakatufuata. Yule mdogo kuliko wote akamtazama Baba kuanzia viatu hadi upara.

"Wewe ndiye mwenye Tarishi? Tulishafungua. Kuna sanduku lingine ndani."

"Nani kafungua?"

Wakaninyooshea miswaki wote kwa pamoja, wasaliti wakubwa.

Nilingoja anifokee. Baba akakaa kwenye ukingo wa karo. "Mimi sijui kulikuwa na nini," akasema polepole. "Nilikuwa naona macho yako juu ya povu, ndiyo napata la kusema. Ulipoondoka, nikikaa pale sioni kitu."

Akachana karatasi ya ule mswaki mpya, akaweka dawa, akauingiza mdomoni.

"Huo si wa mtoto?" akauliza Mama.

"Mmh," akasema Baba, akanifanyia ishara ya kichwa: haya, anza.

Sijawahi kumwona kinyozi akinyamaza. Nilimpandisha Tarishi milima ya nyuma, nikamshusha taratibu ukingoni mwa mto, na Baba akafuata bila kuruka hata gego. Macho yake yalikuwa juu ya povu. Nikaelewa alichokuwa akikiona, na maneno yakaja kwa wingi kuliko nilivyoweza kuyasema.

Tarishi alishika kifuniko cha sanduku la pili. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia.

"Tema, Baba," nikasema.

"Mmmh! Mmmh!"

"Ndiyo maana utarudi."

Hakutema. Alinikumbatia na mswaki wake mdomoni, akamshika Kibogoyo mkono, akavuka uwanja. Alipopishana na mwalimu mkuu aliinama kwa adabu zote bila kufungua mdomo, na akatoka getini na povu lake.