Moto wa Bi Pasi

Wasifu wa Bi Pasi ulirudi nyumbani umefungia kipande cha sabuni. Wifi yake, anayesafisha ofisi, ana kawaida ya kuokota karatasi zilizotupwa kazini kwao, maana karatasi safi haitupwi hivihivi.

"Wifi, hili si jina lako?"

Lilikuwa lake. Chini ya karatasi hiyo kulikuwa na wasifu wa fundi viatu wa mtaa wa nyuma, na mwingine wa binti wa muuza mkaa, na yote mitatu ilisema mambo yaleyale: mwenye bidii, mwaminifu, anayejituma, anayependa kusoma na kuogelea. Bi Pasi hajaogelea hata kwenye beseni. Tangu hoteli aliyokuwa akifulia ifungwe alikuwa akiomba kazi huku na huku bila kuitwa hata na mtu mmoja, akidhani ana mkosi. Kumbe mkosi una duka, na dukani kuna kiti na kompyuta.

Mwenye duka wanamwita Profesa. Mtaa mzima humwendea awachapie wasifu, na tangu azaliwe hajaanza ukurasa mpya. Hufungua wa mteja wa jana, akafuta jina, akaweka jingine, akanyoosha mkono apewe chake.

"Profesa, huyu ni nani?" Bi Pasi aliibandika karatasi mezani, bado inanuka sabuni.

"Si wewe, mama?"

"Mimi naogelea wapi?"

"Sivii ndivyo zilivyo. Wakubwa wanapenda hivyo."

"Wakubwa wameitupa kwenye takataka. Fungua ukurasa mweupe uandike ninayokwambia. Moto uliposhika kwenye mashine ya kukaushia, nilizima umeme, nikaifunika mashine kwa mashuka mabichi, wenzangu wote wakatoka salama. Andika kwamba zamu yangu haikupoteza shuka."

"Hizo soga, mama. Sivii haina soga."

"Andika."

Akaandika, mdomo kaukunja. Siku chache baadaye simu ya Bi Pasi ililia. Hospitali ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia, na walitaka kumwona.

Alipofika, kwenye benchi la kusubiri alimkuta jirani yake, Mama Pacha, kainamia karatasi akikariri kwa midomo. Bi Pasi akakaa, akatega sikio.

"...nilizima umeme, nikaifunika mashine kwa mashuka mabichi..."

Damu ilimchemka. Mama Pacha hajakanyaga hoteli maisha yake yote. Profesa amefanya yaleyale aliyoyazoea: kafungua wa mteja wa jana, kafuta jina. Na moto wa mtu kauacha palepale, kila ajaye auvae kama kanzu ya kuazima. Kabla hajafungua kinywa, akaitwa ndani.

Mezani aliketi mama mmoja mwenye miwani, mkuu wa usaili, na karatasi tatu mbele yake.

"Wanawake watatu, moto mmoja," alisema. "Nami sipendi kuchezewa. Mwenye moto ni nani?"

"Mimi. Kama huamini, mwite huyo aliye nje, umuulize moto ulinuka nini."

Mama Pacha akaitwa. Alisimama mlangoni akiuangalia mkoba wake.

"Ulinuka moshi," alisema.

Mkuu wa usaili akamgeukia Bi Pasi.

"Ulinuka nywele zangu." Bi Pasi alisogeza kitambaa chake juu ya sikio. "Upande huu hazijaota mpaka leo."

Yule mama alivua miwani, akaziweka kando karatasi mbili. Akasema kazi imepata mwenyewe, na huyo mwingine aende nyumbani.

Nje, Bi Pasi alikuwa na maneno yake tayari, makali kama wembe. Mama Pacha akamwahi.

"Nisamehe, jirani. Wallahi sikujua ni moto wako. Profesa aliniambia huu ndio wasifu unaoitwa kwenye usaili."

"Kwani wewe huna chako?"

"Nina nini mimi? Nimekaa nyumbani tu."

"Umekaa nyumbani?" Sasa Bi Pasi alikasirika kweli, kuliko alivyokasirika siku ile ya sabuni. "Baba mkwe wako kalala amepooza mpaka Mungu alipomchukua, na mgongo wake haukutoka kidonda hata kimoja. Alikuwa akijigeuza mwenyewe? Yale mashuka yalikuwa yakijifua?"

"Nilimwambia Profesa. Akasema hilo haliandikwi."

Bi Pasi alitazama korido. Muuguzi alikuwa akipita na kitoroli cha mashuka machafu, yamejaa mpaka yanaburuzika chini. Hapa, katika nyumba ya wagonjwa, mtu kaambiwa kwamba hilo haliandikwi.

Akamshika Mama Pacha mkono, akarudi naye kwenye ule mlango, akaufungua bila kubisha hodi.