Mkwe Hasemeshwi

Mimi ni fundi wa mabomba ya visima, yale ya kupiga kwa mkono, na kwa kazi hiyo wananijua kuanzia Arua hadi Koboko, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hakuna mtu anayeweza kusema Ayiko alifungua bomba akaliacha limelala chini. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba yaliyonikuta Kuluba hayakutokana na kutojua kazi. Yalitokana na shemeji yangu Lemi, na kichwa changu mwenyewe, ingawa hilo la pili nimechelewa sana kulikubali.

Kuluba, upande wa Koboko, ndiko kwao mke wangu, Sandra, na wakati huo alikuwa amekaa huko miezi miwili. Mvua za Novemba ziliangusha ukuta wa jiko letu pale Mvara, Arua, nikasema nitaujenga wiki hiyo hiyo. Wiki hiyo nikaitwa kwenye bomba la shule, kisha la zahanati, kisha la kanisa, na Sandra akawa anapika chini ya turubai linalovuja. Siku moja nimekaa na mafundi wenzangu uani, akatoka na moshi machoni, akawaambia kwamba mume wake anatengeneza kila kitu isipokuwa cha kwake. Wakacheka. Na mimi ningecheka, mambo yangeisha palepale. Badala yake nikamjibu mbele yao, "Njia ya Koboko si unajua? Iko lami mpaka kwenu."

Ulimi hauna mfupa. Asubuhi Sandra alimchukua Viktoria wetu na begi moja, akaifuata hiyo lami.

Nilidhani atarudi baada ya wiki. Niliujenga ukuta kwa matofali ya kuchoma, nikaupiga plasta ndani na nje, nikaupiga picha na kuituma kwenye simu ya Lemi ili amwonyeshe dada yake. Kimya. Nikamtuma ndugu yangu Ronnie, akarudi ameshiba kuku na hana jibu. Nikamtuma mzee mmoja wa kanisa, naye akarudi na salamu za wote, hata za majirani, ila za Sandra hazikuwemo. Shule zilipofunguliwa Februari nikasikia kwamba Viktoria ameandikishwa Kuluba na ameshashonewa sare. Hapo nikaogopa. Mtoto akishavaa sare ya mahali, mama yake si mgeni tena mahali hapo.

Ndipo aliponipigia simu Constantino, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chao.

"Mkwe, bomba yetu imekufa," alisema. "Wewe iko mkwe, wewe iko fundi. Sisi tutafute nani tena?"

Nilifurahi, sitaficha. Nikawaza, maji yakitoka kwa mkono wangu, Sandra atayaona, kijiji kitayaona, na mimi sitahitaji kusema kitu. Nikafunga spana zangu kwenye pikipiki alfajiri, saa mbili na nusu nikawa Kuluba.

Sasa, kuna jambo moja lazima lieleweke. Kwetu Walugbara, na kwao Wakakwa pia, mwanamume hasemi na mama mkwe. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hata jina lake halitaji, na mimi silitaji hapa. Mkikutana njiani, mmoja anapinda aingie shambani mpaka mwenzake apite. Huo si ugomvi, ni heshima, na mama yake Sandra na mimi tulikuwa tumeheshimiana hivyo miaka tisa bila doa. Tatizo ni kwamba mlinzi wa bomba lile ni yeye. Kwa zaidi ya miaka kumi ndiye anayelifungua asubuhi, ndiye anayefagia pale, ndiye anayewafukuza mbuzi. Kama bomba lingekuwa mtoto, yeye ndiye angejua lilianza kukohoa siku gani.

Kwa hiyo alikuwa ameketi nyuma ya ua wa mabua ya mtama, hatua kama thelathini, ametupa mgongo. Kila nilichosema alikisikia. Lakini utaratibu ni utaratibu, kila neno lilipaswa kupita kwa Lemi, na Lemi ana miaka thelathini na mitano na hajawahi kuwa na haraka hata siku moja.

Nilipiga mkono wa bomba. Likatoa jerikeni tatu, kisha likaanza kuvuta upepo mtupu.

"Lemi," nikasema, "uliza mama, hii maji ilipotea mara moja ama pole pole?"

Lemi akaenda mikono nyuma. Wakaongea kirefu. Nikamsikia akicheka. Akarudi.

"Anakusalimia. Anauliza watu ya Mvara wote wazima?"

"Wazima. Na bomba?"

"Bomba iko mbaya."

"Lemi, hiyo naona. Mara moja ama pole pole?"

Akarudi tena kule, akakaa, akaletewa maji ya kunywa kabisa. Aliporudi alisema, "Pole pole." Nikajua basi ni raba za chini, zile zinazozuia maji yasirudi, zimekwisha. Maji yanayopungua kidogo kidogo mara nyingi huwa ni raba, na nilikuwa nazo mpya mfukoni.

Kuvuta paipu za kisima si mchezo. Ni chuma, kila moja mita tatu, na zote zinaning'inia kwa pamoja ndani ya shimo ukiwa umezishika kwa mikono. Tulikuwa wanaume wanane. Tulivuta, tukafungua, tukalaza chini, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa kumi. Nikabadilisha raba. Nikazikagua paipu zote, hakuna iliyotoboka. Tukazirudisha zote kumi, jua la saa saba likiwa juu ya vichwa vyetu, na wanawake wakiwa wamepanga jerikeni zao mstari mrefu, wanatutazama tu.

Nikapiga mkono. Jerikeni tatu. Kisha upepo.

Mwanamke mmoja mstarini akafyonya kwa sauti. Constantino akajikuna shingo, akasema pengine kisima kimekauka. Nikamwambia kisima kilichokauka hakitoi hata jerikeni moja. Maji yapo, ila yameshuka, na sisi hatuyafikii. Ndipo nikapata wazo. Kiangazi kingeweza kuyashusha maji, lakini si kuyashusha chini ya kisima kizima. Labda paipu zenyewe ndizo fupi.

"Hii kisima iko na paipu ngapi?" nikauliza.

"Kumi," akasema Constantino haraka. "Siku yote kumi. Mimi mwenyekiti, najua."

"Lemi, uliza mama."

Lemi akamtazama Constantino, kisha akaenda. Safari hii hawakukawia. Nilisikia sauti ya mama inapanda kidogo kule nyuma ya mabua. Lemi akarudi akitazama viatu vyake.

"Anasema mwenyekiti anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua tu."

Jamani, hasira iliyonishika sijui niieleze vipi. Mikono yangu ilikuwa imechunika, mgongo umekufa, tumbo halina kitu, na jibu la swali langu lilikuwa limeketi hatua thelathini kutoka kwangu, lenye akili timamu na masikio mazuri, halafu mimi nasubiri Lemi alete nusu na kutupa nusu. Nikamwona Lemi, nikamwona Constantino anavyofuta jasho, nikainua sauti juu ya vichwa vyao wote.

"Mama, paipu zilikuwa ngapi?"

Mtu aliyekuwa ameshika spana aliiweka chini taratibu. Hata mimi nilitaka kulirudisha lile neno, lakini lilikuwa limeshafika.

Nyuma ya mabua, bila kugeuka, mama akajibu.

"Kumi na mbili. Ile fundi ya mwaka ile ya kura alitoa mbili sababu ilioza. Akasema ataleta ingine, hapana rudi. Hiyo mbili mbovu iko inashika paa ya jiko yangu. Nimeambia Constantino mara tatu. Na sasa hivi nimeambia Lemi."

Kisha akainuka, akavuta leso juu ya kichwa, akaondoka kwenda nyumbani kwa njia ya shamba.

Lemi hakunitazama. "Sasa mimi ningesema aje?" alinong'ona. "Mwenyekiti alikuwa amesimama pale. Ni mutu mukubwa." Nilimwelewa, na hilo likaniudhi zaidi. Kwa heshima ya Constantino alikuwa amelikata jibu la mama yake likabaki mkia tu, na kwa heshima ileile tungepandisha na kushusha zile paipu kumi mpaka Pasaka.

Constantino naye akapata mdomo, maana aliyekosea akimwona mwenzake amekosa zaidi hupona haraka. "Umesema na mama mkwe," akaniambia. "Mbele ya watu. Utaleta mbuzi, tuoshe hiyo kitu."

"Nitaleta," nikasema. "Na wewe utaleta nini?"

Wale wanaume wakaanza kuokota mashati yao.

Usiku nililala Koboko mjini, vibaya. Nilikuwa nimekuja kurekebisha na sasa nimevunja kingine juu ya kile cha kwanza. Niliwaza jinsi Sandra atakavyosema, mume huyu alinifukuza mimi, sasa amemkosea heshima mama yangu. Nikampigia Ronnie aniletee paipu mbili kutoka stoo yangu, maana kazi niliyoifungua lazima niifunge, hata kama nyumba yangu imekwisha.

Alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki, paipu zimefungwa ubavuni. Wale wanaume wakarudi kunisaidia kuvuta, na kufikia saa saba zilikuwa kumi na mbili ndani ya shimo. Nikapiga mkono mara tano, mara kumi. Maji yakaja mazito, mekundu, kisha meupe, na hayakukoma. Jerikeni ya nne, ya tano, ya kumi. Wanawake wakapiga vigelegele. Constantino akaanza kuwaeleza jinsi kamati yake ilivyohangaika.

Sandra alikuwa wa kumi na mbili mstarini. Alikuja na jerikeni yake, akaiweka chini ya mdomo wa bomba, akasimama. Nikakamata mkono wa bomba nimpigie. Nilikuwa na hakika angalau atatabasamu.

"Baba Viktoria," akasema, "nasikia jana uliongea na mama."

"Nilikosa. Nitaleta mbuzi."

"Mbuzi ni ya mama, utamalizana naye. Mimi nauliza kitu ingine. Mutu ambaye hauruhusiwi kusemesha, ulimusemesha na mdomo yako. Mimi bibi yako, miezi mbili unanitumia Ronnie. Unanitumia muzee ya kanisa. Unanitumia Lemi na simu."

"Nilijenga ukuta," nikasema. "Si uliona picha?"

"Ukuta haikunitukana."

Niliacha kupiga bomba. Nyuma yake wanawake walikuwa wanasikiliza, na hakuna hata mmoja aliyejifanya anatazama pengine. Macho yangu yakazunguka yenyewe, na nikashtuka kugundua kwamba nilikuwa namtafuta Lemi anisemee.

"Uliniambia mbele ya watu," Sandra akasema. "Watu iko hapa."

Nimevuta paipu maisha yangu yote, na sikuwahi kuvuta kitu kizito kama kile. Nilisema polepole, nikitazama jerikeni. Nikasema nilimfukuza kwa sababu alisema kweli na wenzangu wakacheka. Nikasema sikumfuata kwa sababu niliona haya. Nikasema ukuta niliujenga ili nisije kusema maneno haya. Yalikuwa yametoka ovyo, hayana mpangilio, na nilipomaliza mwanamke wa nyuma yake akafyonya tena, lakini safari hii kwa upole.

Sandra alikuwa analia, bila sauti. Alijipangusa kwa mkono, akanionyesha bomba, nikapiga mpaka jerikeni ikajaa.

"Kesho njoo nyumbani," akasema. "Baba ni mwanajeshi, hapendi habari ya kusikia kwa watu. Utasema hiyo hiyo, asikie kwako. Halafu mimi nitaona."

Nikaitikia kwa kichwa. Akili yangu ilikwenda kule ilikozoea kwenda. Kwa kawaida yetu mwanamume haendi ukweni kwa neno kama hilo bila watu wa kwao wa kumsemea.

"Nije na nani?" nikauliza.

Sandra alikuwa ameshainama kushika jerikeni. Aliiacha, akasimama wima, akanitazama hivyo hivyo mpaka nikalionea haya swali langu mwenyewe.