Hesabu Haina Matabishi

Rula ya Mwalimu Stanislas Kabemba ilipita juu ya mdomo wa meka taratibu, kama wembe juu ya kidevu, na kilele cha unga kikaporomoka ndani ya gunia. Hivyo ndivyo alivyofundisha vipimo: si kwa picha ubaoni, bali kwa meka yenyewe, chombo kile kile cha bati ambacho akina mama wa soko la Kolwezi hupimia unga. Mtoto asiyejua kugawa, alikuwa akisema, atalala njaa na gunia likiwa limejaa.

"Laurentine Mushiya! Nyumba inakula meka mbili kwa wiki. Wiki tatu zitahitaji ngapi?"

Msichana alisimama. "Sita, Mwalimu. Lakini mama atakamata tano tu. Matabishi ya ku soko itatimiza ya sita."

Darasa liliangua kicheko, kwani hakuna aliyekua Kolwezi asijue matabishi, ile konzi ya unga ambayo muuzaji humwongezea mnunuzi baada ya kupima ili kesho arudi kwake.

"Sifuri," alisema Kabemba. "Hesabu haina matabishi. Kila mtu na fungu lake. Kilichozidi kinabaki guniani."

"Hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata chembe."

Baba yake Laurentine, Henri Mushiya, aliyefundisha darasa la jirani, alichungulia mlangoni akicheka. "Tata Kabemba, mutoto anajua soko kukupita! Ndiyo maana unamupa sifuri?" Wawili hao walikuwa wamekalia benchi moja tangu chuo cha ualimu cha misheni, na kwa miaka mingi utani wao ulikuwa kengele ya pili ya shule.

Kisha migodi ikadorora, mishahara ikakatika, na wenye njaa wakaonyeshwa wa kumlaumu. Wakaonyeshwa watu wa asili ya mkoa wa Kasai, kama akina Henri, ambao babu zao waliletwa kwa treni kuja kuchimba shaba, na ambao watoto wao hawakuijua Kasai ila kwa jina. Katika foleni za mkate waliitwa bilulu, yaani wadudu. Asubuhi moja vijana wa chama cha siasa waliingia shuleni wakawapanga walimu uani. Hawakumpiga mtu. Kiongozi wao alimsogelea Kabemba kwa heshima, na heshima ile ilitisha kuliko fimbo.

"Mwalimu, we unajua hesabu. Hawa Bakasai mu shule hii, banatosha ao banazidi?"

Henri alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha bega kugusa bega. Watoto walikuwa wamejazana madirishani, Laurentine akiwa mbele. Kabemba, ambaye hakuwahi kupokea jibu lisiloonyesha njia yake, alitoa jibu tupu.

"Wamezidi."

Nyumba ya Henri iling'olewa mabati kabla ya juma kwisha. Familia ikaenda kulala stesheni pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Kabemba akajizoeza kuzunguka mbali ili asipite huko. Angeendelea kuzunguka, kama si Kyungu, mtundu wa darasa, aliyeyatazama mabenchi matupu siku moja akauliza kwa sauti nyofu:

"Mwalimu, sasa tunatosha?"

Siku ile ile Kabemba alilifunga gunia la unga wa nyumbani kwake juu ya baiskeli, akaisukuma hadi stesheni.

Alipita kati ya magodoro, cherehani na watoto wanaokohoa, mpaka alipomkuta Henri ameketi juu ya sanduku. Alikuwa amekonda hata kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa.

"Tata Henri. Nimeleta unga."

Henri alimtazama kama mtu atazamaye mvua inyeshayo mji mwingine. Kisha akamwita binti yake. "Laurentine, pima."

Msichana alileta meka na kipande cha ubao. Majirani wakajipanga na mabakuli. Alijaza, akakata, akajaza, akakata. Hakuna kilele kilichosalimika.

"Ongeza kidogo, mutoto, niko na batoto wengi!" alilia mama mmoja.

"Hapana, mama. Ifike kwa bote."

Ikafika kwa wote, na mwisho akampimia mama yake meka moja, nayo akaikata. Ndani ya gunia ulibaki unga usiofika nusu meka. Kabemba akashusha pumzi. Tangu siku ya uani, hakuwa amepata jambo jepesi la kusema.

"Huo wako, mwanangu. Chukua. Ni matabishi."

Laurentine alilifunga gunia kwa kamba yake, akalirudisha juu ya baiskeli, akakung'uta mikono.

"Hapana, Mwalimu," alisema kwa adabu ile ile ya darasani. "Umezidi."

Neno hilo lingeweza kuwa la unga. Lingeweza pia kuwa la mtu. Sarufi yote ya wamisionari haikumsaidia Kabemba kuchagua. Alimgeukia Henri, lakini Henri alikuwa akiangalia reli.

Akaisukuma baiskeli kurudi nyumbani bila kuipanda. Gunia, ambalo wakati wa kuja lilikuwa limeyalemea magurudumu, sasa lilikuwa jepesi hata upepo ulilichezea. Na bado, kila baada ya hatua chache, mzee alilazimika kusimama apumzike.