Nguo Isiyompwaya Kampire

Kampire alifikisha umri wa kuozesha binti bila kuvaa hata nguo moja iliyokatwa kwa mwili wake. Msicheke. Alizaliwa wa pili, nyuma ya Mukankusi, dada mwenye mabega mapana kama mlango, na kila gauni lililomchosha Mukankusi lilimshukia yeye. Tangu utotoni kule Masisi, Kongo, mpaka waliporudi Rwanda na kukaa Gisenyi, Kampire alitembea ndani ya nguo kama maharagwe mawili ndani ya gunia. Akigeuka, gauni lilichelewa kugeuka.

Basi Umuhoza, bintiye, alipochumbiwa na Shema, kijana wa watu wa Mudende wenye ng'ombe zao, Mukankusi akaja na gauni la kitenge cha kijani, limevaliwa mara moja tu.

"Mudogo yangu, hii njo utavala ku ndoa," alisema. "Nguo kubwa njo inapatiaka mutu heshima."

Kampire alishukuru kwa mikono miwili. Mlango ulipofungwa tu, akaapa: safari hii, mbele ya wakwe, atacheza akiwa na kiuno!

Alikuwa na cherehani kuukuu aliyorithi kwa shangazi, na simu yenye video za mafundi. Akalivaa gauni nje ndani, akasimama mbele ya kioo, wima, mikono imenyooka chini kama anayesikiliza wimbo wa taifa, akachomeka pini ubavuni. Akalivua, akashona, akalivaa tena. Haa! Akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia, na gauni likageuka naye papo hapo. Alicheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Kupunguza nguo ni kama kula karanga, huwezi kuacha kwenye moja. Kutoka kiunoni akapanda kwapani, kutoka kwapani akashuka na mikono ya gauni mpaka kwenye vifundo, ikabana vizuri ajabu. Kitambaa kilichobaki akakikata kwa mkasi, akakitupa, maana hakuwa na nia ya kurudi nyuma. Alipomaliza gauni, mikono bado ilimwasha. Akapunguza mapazia, na kuanzia siku hiyo wapita njia wakawa wanaona familia inakula nini. Akapunguza na suruali za mumewe, Anastase, karani wa ofisi ya sekta.

"Mama Umuhoza, hii pantalo iko ya nani?" Anastase aliuliza asubuhi, mguu mmoja ndani.

"Ya kwako."

"Ya mi wa mwaka gani?"

Akaenda kazini hivyo hivyo, kwa hatua fupi fupi, na siku nzima hakukaa. Mke hakumwonea huruma hata kidogo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua dunia inaweza kukatwa upya.

Siku ya harusi, ukumbi wa kando ya ziwa ukiwa umejaa, Kampire aliingia na watu wakageuza shingo. Mukankusi akamtazama juu mpaka chini.

"Kampire, hii iko gauni yangu?"

"Ilikuwaka, yaya," Kampire akamjibu dada yake mkubwa.

Kampire akakaa, au tuseme akajikunja polepole mpaka kiti kikampokea, akameremeta.

Kisha ngoma zikaanza. Wanawake wa upande wa Shema wakaingia wakicheza, mikono juu, imetandazwa kama pembe za ng'ombe wao. Mbele yao Mama Shema mwenyewe, mrefu, mpole wa miguu. Akaja hadi kwenye kiti cha Kampire, akafungua mikono, akasubiri. Mama wa bibi harusi akiitwa hivyo na wakwe halafu asicheze, ni kama kuwaambia hajawataka. Umuhoza, kwenye kiti chake cha maua, alikuwa anamtazama.

Kampire akasimama. Akainua mikono. Ikafika kifuani, ikagoma.

Maskini! Alikuwa amejipima mikono ikiwa chini, na hapa kwetu nani anacheza na mikono chini? Akajaribu tena, gauni zima likapanda mpaka magotini na mikono ikabaki palepale. Uzi ulianza kulalamika. Tabasamu la Mama Shema likaanza kupungua.

"Ikala chini!" Mukankusi alimnong'oneza. "Itapasuka, mama! Bantu bataona nini?"

Kampire aliogopa kweli. Gauni hili ndilo pekee lililowahi kuwa lake. Akamwona Umuhoza anauma mdomo.

"Na ipasuke," akasema, akatupa mikono juu.

Kra! Kulia. Kra! Kushoto. Ukumbi mzima ulisikia. Upepo wa ziwa ukamwingia makwapani, baridi, mtamu, na mikono ikapaa. Mama Shema akaangua kicheko, akamshika Kampire bega asianguke kwa kucheka, kisha wakaanza kucheza wote wawili, vigelegele vikapanda juu ya ngoma. Umuhoza akaruka kutoka kwenye maua yake, akaja.

Ndipo Kampire akahisi mtu nyuma yake. Mukankusi, anacheza, jasho linamtoka.

"Kesho ulete ile mashine kwangu."

"Ya kushona makwapa, yaya?"

"Achana na makwapa. Na mi, haijakuwaka siku moja nguo inanikala. Mama alikuwaka ananishonesha kubwa, juu idumu siku mingi, ifike na kwako. Mpaka leo, nikienda kwa fundi, ninamwambiaka aongeze."

Kampire akageuka, akamtazama dada yake vizuri. Mabega yale mapana yalikuwa ya gauni, si ya Mukankusi. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mdogo tu, mwembamba kama yeye. Akacheka, machozi yakimtoka, akazunguka nyuma ya dada yake na kukamata kitambaa kilichozidi mgongoni. Kilijaa viganja vyote viwili, na hakukiachia mpaka ngoma ilipokwisha.