Nukta za Baba

Baba alikuwa fundi saa maisha yake yote. Alipostaafu akaanza kuandika kitabu cha ufundi wake kwenye kompyuta niliyompa. Mimi naishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na kwa kuwa namjua, angeweza kukifuta chote akitafuta herufi kubwa. Basi nikamwekea programu ya kutunza nakala, ile isiyo na picha wala vitufe, unaiandikia amri kwa maneno. Kila alfajiri inatazama kilichobadilika tangu jana, inapeleka hicho tu kwenye ghala la mtandaoni, kisha inanitumia taarifa: mafaili yaliyobadilika, moja.

Hiyo moja ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu. Nilimwambia, "Nikiona sifuri, Baba, napanda basi." Akacheka, akasema nina wasiwasi kama mama yangu.

Jumanne moja nikaisoma taarifa vizuri. Kitabu kilikuwa kimeongezeka alama moja tu. Jana yake, moja. Wiki nzima, moja moja, na Baba ni mtu wa maneno mengi. Nikaagiza nakala za zamani. Ghala lile ni la bei nafuu, halina haraka. Nilisubiri kwa muda wa saa tano nikizunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga.

Zilipofika nikazifungua moja baada ya nyingine. Kitabu kilikatika katikati ya sentensi, sura ya springi. Baada ya hapo, kila siku nukta moja. Zilikuwa arobaini na moja.

Nilijichukia. Nimehesabu mabadiliko miezi yote hiyo, sijasoma hata ukurasa. Nikapanda basi.

Nilipopiga hodi alinijua kwa sauti. "Karibu, mama," akasema, akatabasamu kuelekea kabatini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nikaketi, nikamshika mkono. "Tangu lini, Baba?"

"Polepole tu. Zilianza kupotea herufi, sasa hata mistari siioni. Lakini nukta naijua ilipo kwa kidole." Akanibonyeza mkono. "Una kazi zako. Sikutaka uache kila kitu kwa ajili ya macho ya mzee."

Nililia, wala sikujificha, angeniona nani? Kisha nikaivuta kompyuta. "Kesho kutwa tunaenda kwa daktari. Leo sema, naandika."

"Una muda kweli?"

"Ninao."

Alfajiri taarifa iliingia kwenye simu yangu. Sikuifungua. Baba alikuwa anakohoa chumba cha pili, akiuliza kama nimeamka, tuendelee.